Ilani ya Ramani ya Haki

Sisi tunaocheza gemu za mikakati mtandaoni, tunaokesha kwenye mazoezi na kujinunulia vifurushi vya intaneti ili tushiriki mashindano, tumeanzisha vuguvugu lenye dai moja: kabla mechi haijaanza, kila mchezaji ajue ramani imechaguliwa na nani, lini, na kwa utaratibu gani.

Asiyecheza anaweza kuliona dai hili dogo. Atazame mechi moja tu ya Age of Empires II kwenye ramani ya Arabia. Uwanja ule haukuchorwa na mtu. Kompyuta huutengeneza upya kila mechi. Kila upande hupata dhahabu ileile, mawe yaleyale, idadi ileile ya kondoo. Ukihesabu, ni sawa kwa sawa. Lakini dhahabu ya mmoja imekaa nyuma ya makazi, msitu umeikinga. Ya mwenzake iko mbele, chini ya kilima kinachoelekea kwa adui. Katika gemu hii askari anayepiga kutoka juu huongezewa asilimia 25 ya madhara, na anayepiga kuelekea juu hupunguziwa asilimia 25. Wapiga mishale wachache wakishakishika kilima kile, wanakijiji wanaochimba dhahabu hawana usalama tena. Mchezaji anatolewa raundi ya kwanza, na watazamaji wanasema hajui kucheza.

Hapo hatujataja mataifa ambayo wachezaji huyachagua. Wapanda farasi wa Franks wanatisha kwenye uwanda wa Arabia. Wapeleke kwenye ramani ya Islands, ambako kila mchezaji ana kisiwa chake, farasi watabaki ufukweni huku Vikings, wenye meli za kivita za bei nafuu, wakitawala maji. Kwa hiyo anayeshika orodha ya ramani ameshika sehemu ya matokeo, hata kama nia yake ni safi.

Na nia safi haitoshi. Gemu ya StarCraft II ilipotoka mwaka 2010, ilikuja na ramani iitwayo Steppes of War. Njia kati ya kambi mbili ilikuwa fupi mno, na wachezaji wa Zerg, jamii inayohitaji kujitanua mapema, walivamiwa kabla hawajasimama. Mwaka uliofuata ligi ya GSL ya Korea Kusini ikaingiza ramani zake yenyewe, pana zaidi. Ramani za aina hiyo ni kazi ya watu, na watu wanaweza kuzirekebisha.

Tunaambiwa kwamba mchezaji bora hushinda popote. Kuzoea mazingira ni sehemu ya ufundi, hilo hatulipingi. Hatutaki viwanja vyote visawazishwe kama sakafu. Black Forest na misitu yake ibaki. Nomad, ambako unaanza bila hata makao makuu, ibaki, nasi tunaipenda. Ugumu ambao wote wawili wameujua na kujiandaa nao ni mtihani halali. Ugumu ambao mmoja aliujua wiki mbili kabla na mwingine akaambiwa akiwa tayari amekaa kwenye kiti ni upendeleo, na tumeushuhudia: mwandaaji ana timu yake mashindanoni, na ramani ya fainali inatangazwa dakika chache kabla ya mechi.

Kwa hiyo tunataka orodha ya ramani itangazwe siku 14 kabla ya raundi ya kwanza, na isibadilishwe. Wachezaji wenyewe waondoe ramani na kuchagua kwa zamu, itakayobaki iwe ya mechi ya mwisho. Anayeanza apatikane kwa kurusha shilingi, mbele ya wote. Mwandaaji mwenye timu, ndugu au mdhamini ndani ya mashindano asiiguse orodha hiyo.

Kwa ramani zinazotengenezwa na kompyuta, kanuni zieleze mapema ni kasoro gani zinampa mchezaji haki ya kuomba uwanja upya katika dakika za mwanzo, na mwamuzi akague bila kujali aliyeomba ni bingwa au mgeni. Kwenye nusu fainali na fainali tunataka zaidi: ardhi ileile ichezwe mara mbili, wachezaji wakibadilishana pande, kama timu za mpira zinavyobadilishana magoli baada ya mapumziko. Itachukua muda. Tuko tayari kuutoa.

Kuanzia msimu ujao hatutajiandikisha kwenye mashindano yasiyotimiza masharti haya, hata zawadi yake iwe nono kiasi gani. Mchezaji anayekubaliana nasi aandike jina lake la gemu chini ya ilani hii. Mwandaaji anayekubaliana nasi atutumie kanuni zake kabla ya kufungua usajili. Tutazisoma hadharani, na pale palipo na kasoro tutakaa naye kuzirekebisha.