Nyanya za Gulioni Nazo Zipimwe



Wenye ugonjwa wa kisukari wanakifahamu kile kipimo kidogo: unaweka tone la damu kwenye kijikaratasi chake, umeme hafifu sana unapita, na namba inaonekana. Siku hizi wataalamu wanatengeneza vipimo vya jinsi hiyo kwa kutafuta mabaki ya dawa za wadudu katika mboga na matunda.

Aina mojawapo hupakwa kimeng'enya ambacho kimo pia katika mishipa yetu ya fahamu. Kikifanya kazi yake, umeme hupita vizuri. Dawa za jamii ya oganofosfeti na kabamati hukizuia, na umeme hupungua. Mwilini nako huwa vivyo hivyo. Sisi wauguzi tumewapokea wakulima waliopulizia bila kujikinga: mate na jasho vinawatoka, mboni zimesinyaa, pumzi inawabana.

Mabaki kidogo ya dawa katika chakula hayamwangushi mtu siku hiyo hiyo, na ndiyo sababu tunayapuuza. Hata hivyo watoto, ambao miili yao bado inakua, wamo katika hatari zaidi.

Umoja wa Ulaya umeweka viwango vya mabaki kwa mboga zinazoingia huko. Dawa isiyo na kiwango chake maalumu hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Nyanya za gulio letu mara nyingi hutoka shambani hadi sufuriani bila kupimwa. Je, tumbo la mtoto wetu lina thamani ndogo?

Kwa maoni yetu, vipimo hivi vikishathibitishwa vianzie gulioni na kwenye vyama vya wakulima. Havigundui kila dawa, hivyo maabara kubwa bado zitahitajika. Lakini vitatuonyesha tenga lipi lipelekwe huko kwanza.

Kwa sasa, mkulima, soma kibandiko cha dawa na uzihesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mama, osha mboga kwa maji safi yanayotiririka, ukijua kwamba dawa iliyokwisha kuingia ndani ya tunda haioshwi.

Tena, kama umetenga tuta lisilopuliziwa kwa ajili ya watoto wako, na lile lililopuliziwa jana unavuna leo ukauze, basi ukweli unaujua kabla ya kipimo chochote. Mnunuzi naye ana watoto.