Shela limechafuka, kumbe mchawi dawa ya viatu!

Leo safu yetu inaingia ndani ya gari. Hatugusi injini wala matairi, tunagusa viti. Tena viti vya ngozi, vile ambavyo kijana akishanunua gari la mtumba kitu cha kwanza anachotamba nacho kijiweni ni, "Mwanangu, ndani leza tupu!"

Sawa, tamba. Ila kabla hujavigusa viti hivyo na ndoo yako ya maji, ngoja nikupe kasheshe lililonikuta mimi mwenyewe, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Maskani yangu ni Rubwera, wilayani Kyerwa, huku Kagera. Kabla ya 2012 tulikuwa tunahesabiwa Karagwe. Nina Harrier, lile umbo lililoanza kutoka 2003 ambalo nyinyi wenyewe mlilibatiza "tako la nyani". Limeshapita mikono kadhaa kabla ya kufika kwangu, lakini ndani lina viti vya ngozi ya kahawia. Nililinunua kwa hela ya vikoba, nyingine aliongeza mama baada ya kuuza kahawa yake. Kwa hiyo Jumamosi ikipita gari halijapiga kazi, nyumbani hapakaliki.

Kazi yenyewe ni harusi. Kiangazi, kahawa ikishauzwa, watu wana mshiko na kila wiki kuna anayeoa. Agosti hiyo aliyekuwa anaoa ni mshikaji wangu niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, bibi harusi atapanda gari lako, usiniangushe."

Ijumaa jioni nikafungua milango kukagua. Balaa! Vumbi jekundu la njia za vijijini lilikuwa limejaa mpaka kwenye mishono. Kiti cha nyuma kilikuwa na baka jeusi la utomvu, ukumbusho wa mkungu wa ndizi niliombebea shangazi. Pembeni kulikuwa na alama ya mafuta ya senene, wa tangu Novemba hao. Nikachukua ndoo, nikamimina sabuni ya unga bila kupima, nikatafuta brashi ile ngumu ya kufulia jinzi. Nikasugua kama nasugua sakafu ya choo. Povu likatoka la kahawia, na mimi nikazidi kufurahi. Uchafu huo unatoka!

Kulipokucha, nikachoka mwenyewe. Viti vilikuwa vimepauka, vina mabaka kama ramani, na ukivigusa vimekakamaa. Saa nne natakiwa nimfuate bibi harusi Nkwenda. Jamaa mmoja wa kijiweni akaniokoa, au mimi nilidhani ameniokoa. "Piga dawa ya viatu ya kahawia," akasema, "ngozi ni ngozi tu." Nikamaliza makopo mawili. Bwana wee, viti viling'aa mpaka unajiona sura!

Bibi harusi akaingia na shela jeupe pe, la kukodi kutoka Bukoba. Jua kali, kipoza hewa cha gari kilishakufa zamani, vioo tumefunga kukwepa vumbi. Tulipofika kanisani akashuka, akageuka kurekebisha shela, na matroni wake akapiga yowe. Nyuma ya shela, mahali pale pale pa kukalia, kulikuwa na mabaka mawili makubwa ya kahawia. Nadhani sina haja ya kukueleza umati ulifikiria nini.

Shangazi mtu alinijia juu. "Wewe kijana, umetuaibisha mbele ya wakwe!" Mimi kimya, natazama viatu vyangu. Bibi harusi wa watu akafungwa kitenge kiunoni, akaingia nacho kanisani, na picha zote za siku ile anacho. Dobi alijaribu shela lile akashindwa. Nikalilipa, hela ya kazi sikuiona, na mshikaji wangu akaninunia.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Jumatatu nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa viti wa siku nyingi. Nikamwamkia. Akaitikia, akakichungulia kiti, akapitisha kidole.

"Sabuni ya unga, siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Halafu ukapiga dawa ya viatu."

"Ndiyo, mzee."

"Kijana, wewe hukuosha ngozi. Ulikuwa unaosha rangi."

Hapo ndipo pa kuelewa, msomaji wangu, na ukishapaelewa hapo umemaliza nusu ya kazi. Ngozi ya kiti cha gari la siku hizi haiko wazi. Kiwandani inapakwa rangi, halafu juu ya rangi unapakwa utando mwembamba kama plastiki wa kuilinda. Unapokalia kiti unakalia utando huo. Uchafu nao unakaa juu ya utando huo: jasho, mafuta ya mwili, vumbi na rangi ya jinzi mpya. Hakuna haja ya kuchimba ndani, kwa sababu uchafu mwingi haujafika ndani.

Sabuni ya unga ina ukali wa magadi. Kwenye kile kipimo cha pH, ngozi iliyotengenezwa kiwandani huwa kwenye 4 au 5 hivi, yaani ina uchachu kidogo. Sabuni ya kufulia inakaribia 10. Ukiongeza na brashi ngumu unakwangua utando, rangi inaondoka, halafu ngozi yenyewe inaanza kunywa maji. Ikikauka inakakamaa, na baada ya muda inapasuka.

Dawa ya viatu nayo ni nta na rangi. Kiatu hakikaliwi na bibi harusi! Kwenye kiti chenye utando haina pa kuingia, inabaki juu, ikipata joto inalainika, halafu inahamia kwa atakayekaa.

Kuna wazee watakwambia upake samli. Usiwacheke, wana sababu. Wafugaji wa pande hizi zetu zamani walilainisha ngozi za kuvaa na kulalia kwa siagi, na zilikaa sawasawa. Ila ngozi zile hazikuwa na rangi wala utando, mafuta yaliingia. Kwenye kiti cha Harrier samli inabaki juu, inanata, inakusanya vumbi, halafu gari zima linanuka maziwa. Mafuta ya nazi na yale ya kujipaka mtoto ni hadithi ile ile.

JUA KWANZA UNA NINI

Chukua tone moja la maji, lidondoshee mahali pasipoonekana. Likibaki juu kama umande kwenye jani la mgomba, kiti chako kina utando. Likizama na kuacha doa jeusi, ama utando umekwisha ama ni ngozi isiyopakwa, hapo nenda taratibu sana na usimwage maji.

Pia usishangae ukigundua kuwa "leza tupu" yako ni nusu tu. Magari mengi yana ngozi halisi pale unapokalia na unapoegemea, halafu ubavuni na mgongoni ni leza ya kutengeneza. Hata zile Benz za W123, zilizotengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1986 na ambazo wazee wetu walizionea fahari, nyingi zilikuwa na MB-Tex. Hiyo ni leza ya kiwandani, siyo ng'ombe. Wenyewe walidhani ni ngozi mpaka wakazeeka. Habari njema ni kwamba usafi wa kila siku ni ule ule kwa zote mbili.

SASA TUOSHE

Kwanza toa vumbi, tena kavu. Vumbi letu ni mchanga mtupu, ukilifuta na kitambaa unapiga msasa. Tumia mashine ya kufyonza, na kama huna, brashi laini ya kupakia rangi inatosha kulitoa kwenye mishono.

Pili, matone machache ya sabuni laini ya maji, kama ile ya kuogea mtoto, kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Koroga mpaka upate povu. Unachotaka ni povu, maji yabaki kwenye bakuli. Jaribu kwanza chini ya kiti.

Tatu, chota povu kwa sponji au mswaki mlaini, sugua polepole kwa mzunguko, eneo la ukubwa wa sahani moja kwa wakati. Futa hapo hapo kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, halafu kausha kwa kingine. Kiti chenye vitundu vidogo vidogo usikiloweshe kabisa, maji yakiingia kwenye sponji ya ndani kitanuka wiki nzima.

Nne, acha milango wazi kivulini. Usilianike gari juani na viti vimelowa. Kikishakauka, kama una mafuta maalumu ya ngozi ya magari, yale ya maji maji yasiyonata, paka kidogo na ufute yaliyobaki. Kidogo, nimesema!

Na tafadhali usikurupuke kung'oa viti ili uvioshe nje. Chini yake kuna nyaya, na ukiona soketi ya njano ujue hiyo ni ya mfuko wa hewa wa usalama. Huo si mchezo wa kuchezea na bisibisi.

MADOA SUGU

Utomvu wa ndizi uufute ukiwa mbichi, dakika ile ile. Ukishageuka mweusi umeshaoa, hautoki kwa sabuni. Rubisi ikimwagika, kausha kwa kubonyeza kitambaa, halafu pitisha povu. Mafuta ya senene, povu mara mbili. Wino wa kalamu ndio kimbembe: ukiuwahi kwa povu unaweza kupona, ila ukikimbilia spiriti au dawa ya kutolea rangi ya kucha, wino utatoka pamoja na rangi ya kiti.

Masika na vuli angalia ukungu. Wengi tunafunika viti kwa makava ya plastiki tukidhani tunavitunza, kumbe unyevu unafungiwa chini yake. Vua makava mara kwa mara, viti vipate hewa.

KAMA VIMESHAHARIBIKA

Ngozi iliyopasuka haizibwi na mafuta yoyote, usidanganywe. Mzee yule alitumia siku mbili kwenye viti vyangu. Alianza kutoa dawa ya viatu yote kwa spiriti. Kwake ilikuwa sawa, kwa sababu rangi alikuwa anakwenda kuirudisha. Akapitisha msasa laini, akajaza nyufa kwa dawa inayonyumbulika, akasubiri ikauke. Kisha akapaka rangi ya ngozi inayochanganywa kwa maji, nyembamba nyembamba, mara kadhaa, na kumalizia na utando wa juu. Usikubali fundi akupigie rangi ya bodi ya gari wala ya mlango, utakaa siku mbili tu itapasuka kama udongo wa kiangazi.

Kabla hajaniruhusu kuondoka alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha kidogo, akakisugua kwa nguvu kwenye kiti cha nyuma. Kikatoka cheupe. "Sasa beba watu," akasema. Tangu siku hiyo nina kitambaa cheupe ndani ya gari, na hakuna bibi harusi anayepanda kabla sijakitumia.

Bonasi kwa unayetaka kununua gari: kabla ya kuamini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, tazama kiti cha dereva upande wa mlangoni, pale mtu anapojiburuza kuingia na kutoka. Kilomita zikiwa chache huku ubavu wa kiti umelika na kupasuka, muulize muuzaji maswali ya ziada.

Mshikaji wangu? Tulinuniana miezi minne. Krismasi akaja nyumbani na mkewe, akaomba lifti ya kwenda Kayanga. Kabla mkewe hajakaa, jamaa akatoa leso nyeupe mfukoni, akasugua kiti, akaikagua kwenye mwanga. Halafu akaniangalia, tukaangua kicheko wote watatu. Ila yule shangazi bado hajacheka.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongelea harufu ya gari lililobeba samaki. Mpaka hapo, weka mbali sabuni ya unga, na dawa ya viatu iachie viatu. Tuko pamoja!