Bournemouth umeipitia haraka mno

Ndugu mwandishi, mashindano ya tenisi ya pwani ya Uingereza yaliyokufa umeyaeleza vizuri, ila Bournemouth ilistahili zaidi ya sentensi moja. Hapo ndipo, Aprili 1968, wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa walipokutana kwa mara ya kwanza katika mashindano ya wazi. Mark Cox, wa ridhaa, akamwangusha Pancho Gonzales! Ken Rosewall akamshinda Rod Laver fainali, akabeba pauni 1,000. Virginia Wade, bingwa wa wanawake, alizikataa pauni 300 zake kwa kuwa aliingia kama wa ridhaa. Na walicheza kwenye udongo, si nyasi. Sasa sisi wa Kitale na Bungoma, tulio mbali na bahari, tuandikie historia ya tenisi ya klabu za huku, wazee wanaoikumbuka wangali hai.