Alitolewa kwa Kosa la Kuona

Usiku wa tarehe 20 Julai 2024, Sudan Kusini ilifungwa na Marekani jijini London kwa pointi 101 kwa 100. Sisi wa Jebel tulishangilia kana kwamba tumeshinda, na sijutii. Lakini nauliza: mpira ulikuwa mikononi mwa nani? Aliyeichezesha timu yetu, akafikisha tarakimu mbili katika pointi, katika pasi na katika mipira ya kurudi, ni Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati, Marekani. Kanuni za FIBA zinairuhusu kila timu mchezaji mmoja aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Nafasi hiyo moja hatukuitumia kutafuta mtu mrefu. Warefu tunao, tangu enzi za Manute Bol. Tuliitumia kutafuta mtu wa kufikiri mpira ukiwa mkononi.

Sina ugomvi na Jones, ametutumikia vizuri. Ugomvi wangu ni na makocha wetu wa watoto.

Mdogo wangu ana miaka 14. Zamani alicheza karibu na nyumbani, watatu kwa watatu, kwenye ringi ya chuma iliyopigiliwa kwenye mwembe, na alikuwa akitoa pasi huku anatazama kwingine. Mwaka jana akarefuka ghafla kama mahindi baada ya mvua. Kocha akampima kwa macho, akamwambia, "Wewe, chini ya kikapu." Tangu siku hiyo hajadunda mpira mara tatu bila kupigiwa kelele.

Waliobaki na mpira nao hawana nafuu. Kocha ana mipango minne, kila mmoja na namba yake. Mtoto akivuka nusu ya uwanja husimama, hugeuza shingo kuelekea benchi, husubiri vidole vya kocha. Wakati huo mwenzake aliyekuwa peke yake pembeni ameshakabwa. Siku moja mvulana mmoja hakungoja namba, akampasia huyo wa pembeni. Mpira ukaingia, na kocha akamtoa. Uliingia, jamani! Alitolewa kwa kosa la kuona.

Wakiulizwa, makocha husema uwanja ni mmoja na watoto ni arobaini, na mdhamini anataka kombe. Hoja ya uwanja naikubali. Uhaba wa viwanja Juba si kosa lao, na wengi wao hufundisha bila malipo. Lakini uhaba huohuo ndio sababu ya kurudi kwenye watatu kwa watatu, nusu uwanja: kila mtoto ataugusa mpira, na hakuna pa kujificha. Hoja ya kombe siikubali hata kidogo. Kombe la watoto wa miaka 14 linamfaa kocha anayepigwa nalo picha, basi.

Tena urefu wa miaka 14 si ahadi. Khaman Maluach, aliyechaguliwa wa 10 kuingia NBA mwaka 2025, ana zaidi ya sentimita 215. Mtoto akikomea 190, hapa Jebel ataitwa mrefu, lakini huko duniani hicho ni kimo cha mchezeshaji. Atafika huko akiwa amefundishwa kazi ya mtu mwingine, na ya kwake haijui.

Kwa hiyo nadai hivi: kwa walio chini ya miaka 16, kila mtoto aichezeshe timu kwa zamu, mrefu kwa mfupi; na katika robo ya kwanza ya kila mchezo kocha akae kimya. Robo ikiisha, amuulize mtoto aliona nini.

Swali hilo sijawahi kulisikia katika uwanja wetu. Nilimuuliza mdogo wangu mwenyewe jioni moja tukirudi kwa miguu kando ya barabara ya Yei. Alinieleza mchezo mzima: nani alisimama wapi, nani alichoka mapema, upande upi ulikuwa wazi tangu mwanzo na kwa nini. Mimi niliyekuwa nimekaa juu ya ukuta nikitazama sikuwa nimeyaona hata nusu.

"Sasa mbona hukutoa pasi?" nikamuuliza.

"Kaka, kocha hakusema."