Shangazi, Kufu Yetu ni Ipi?

Najua mwezi uliopita niliwaahidi tutazungumzia wivu kwenye ndoa. Naomba mnisamehe, wivu usubiri kidogo. Mwenzenu nimepatwa na jambo la kifamilia, na nadhani wengi wenu mtajiona humu.

Mdogo wangu, mtoto wa shangazi, amepata mchumba. Kijana mpole, kazi anayo, swala tano hazimpiti, na jinsi anavyompenda huyu binti unaona kabisa machoni. Posa ilipoletwa, shangazi akasema hapana. Sababu? "Hawa si kufu yetu. Babu zao walikuwa watumwa wa shamba." Basi, mjadala ukafungwa. Binti analia chumbani, kijana hajui akosee wapi tena, wajomba kimya. Sisi bwana, kwa maneno ya shangazi, ni watu wa mashamba ya karafuu na mlango wa nakshi Mji Mkongwe, ukoo unaojulikana.

Nikasema haya, kama unajulikana twende tukaujue. Katika sanduku la marehemu baba kulikuwa na karatasi chakavu yenye namba ya faili la mirathi. Nikapanda boti kutoka Dar mpaka Unguja, nikaenda Nyaraka za Taifa kule Kilimani.

Jamani, kama hujawahi kusoma faili la mirathi, hujui umbea! Mtu akifa, mahakama inataka kujua ameacha nini, anadaiwa nini na warithi wake ni nani. Wazee wetu waliweza kutusimulia uongo barazani, lakini pale wajane wanaangaliana, kila mmoja anailinda haki yake. Kila mkarafuu unahesabiwa, na mabuli ya kahawa pia.

Mzee wetu, mkuu wa ukoo, aliandika wasia wake kabla ya 1897 na akafa baada ya mwaka huo. Shikeni hiyo miaka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini waliokwisha kununuliwa walibaki na mabwana zao. Mwaka 1890 ikatoka amri kwamba mwenye watumwa akifa, wanaoweza kuwarithi ni watoto wake halali tu, na kama hana watoto, watumwa wanakuwa huru. Mwaka 1897 ndipo sheria ikaacha kabisa kuutambua utumwa. Masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909.

Mzee mmoja anayesoma Kiarabu alinisaidia. Wasia ulianza kwa kumshukuru Mungu, ukaja kwenye theluthi, maana Muislamu hawezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake. Ndani ya hiyo theluthi aliwaacha huru watwana na wajakazi wake, mmoja mmoja kwa jina. Jina moja moja tu. Hakuna jina la baba, hakuna kabila, hakuna kijiji. Wengine wameandikwa kwa jina lao likifuatiwa na jina la bwana, utadhani yeye ndiye aliyewazaa. Hapo ndipo nilipomfikiria yule kijana wa watu. Akitaka kumtafuta babu yake, inabidi aanzie kwenye karatasi za mwenye babu. Na ukikuta watu wanatumia jina la ukoo mkubwa, usikimbilie kusema ni damu moja.

Nikafika kwenye orodha ya warithi. Wake wawili, wanaogawana thumni. Halafu watoto, wa kiume fungu mara mbili ya wa kike. Babu yake shangazi yumo, fungu lake kamili. Nikatafuta jina la mama yake kati ya wale wake wawili. Halipo. Nikarudia tena. Halipo!

Yule mzee akatabasamu, akaniambia nirudi kwenye wasia. Chini kabisa kuna mstari mmoja: kijakazi wangu fulani, mama wa mwanangu fulani, yu huru nitakapokufa. Jina silitaji hapa, ni letu. Alikuwa suria. Kwa sheria, mtoto wa suria ambaye bwana amemkubali ni huru na anarithi sawa na ndugu zake. Mama yake hauziki tena, na bwana akifa anakuwa huru. Lakini yeye mwenyewe harithi hata kikombe. Ndiyo maana hayumo kwenye orodha, wakati tumbo lake ndilo lililotuleta sisi sote.

Wala si aibu ya kwetu peke yetu. Sayyid Barghash, aliyetia saini kufungwa kwa soko lile, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Binti Salme, aliyezaliwa 1844 na baadaye akaandika kitabu, mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Kama kufu ingepimwa kwa mama, hata kasri lingekosa posa!

Nilirudi na nakala, nikakaa na shangazi jikoni tukiwa wawili tu. Nikamsomea. Akaniambia, "Hebu rudia hapo kwenye jina." Nikarudia. Akanyamaza muda mrefu, sufuria ikaanza kuungua. Kisha akasema, taratibu, "Hilo ndilo jina alilokuwa akiniita marehemu baba nikiwa mdogo. Mimi nilidhani ni la utani."

Sikumwambia lolote zaidi. Angekuwa mwenzangu ningemrushia maneno, lakini huyu ni shangazi yangu, na niliona ameumia. Kesho yake alinipigia. "Mwanangu, mwambie yule kijana aje nimuone mwenyewe." Ndiyo bado hajaitoa, msije mkaanza kushona sare.

Kwako wewe unayemchunguza mkwe asili yake: chunguza, ni haki yako. Ila ukienda huko kwenye mafaili, anza na la kwenu. Na ukifika kwenye orodha ya warithi, uliza ni mama wa nani hakuandikwa.

Mwezi ujao ni wivu. Safari hii naahidi kweli.