Bumu letu, unga wao

Majaribio yameisha, wenye sapu tunazidi kuwaombea, na waliopona tuwaache walale. Leo sina stori za hosteli. Leo nina hoja, tena hoja yenye tarehe: Jumapili hii baada ya misa ya pili jumuiya yetu ya wanafunzi itapiga kura kuamua mchango wa muhula huu uende wapi.

Kwa wale wasiojua, kila muhula huwa tunachangishana, na fedha zote zinakwenda kituo cha parokia, yale majengo mawili nyuma ya kanisa. Pale kila Jumamosi asubuhi masista pamoja na akina mama wa WAWATA wanagawa chakula kwa familia zilizokwama. Unga kilo tano, maharage kilo moja, mafuta ya kupimwa na kipande cha sabuni. Shule zikifungua Januari wanaongeza daftari, na kwa baadhi ya watoto sare. Hawaulizi dini ya mtu. Kwenye benchi lile utakuta aliyevaa rozari na aliyevaa baibui wamekaa bega kwa bega, wanasubiri majina yao yasomwe.

Safari hii limeletwa pendekezo jipya. Eti tuache kununua unga, hela hiyo tuandae semina ya ujasiriamali. Sababu? Unga unalemaza watu. "Wanazoea." "Mpe mtu ndoano, usimpe samaki." Na kuna mmoja akamalizia kwa ule mstari wa Paulo kwa Wathesalonike kuhusu mtu asiyefanya kazi, ukumbi mzima ukaitikia kama vile kesi imekwisha.

Mimi nitapigia kura unga. Nisikilizeni kwanza, halafu mnipinge vizuri.

Tuanze na sisi wenyewe. Wengi wetu hapa ni wanufaika wa mkopo. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, inaingia kwa mafungu ya miezi miwili miwili. Wiki ya kwanza ya bumu mnaijua: chipsi kuku, viatu vipya, na watu wanapokea simu kwa sauti kubwa korido nzima isikie. Siku ya hamsini nayo mnaijua: pasi ndefu, mlo mmoja saa tisa alasiri ili ufute mchana na usiku kwa pamoja. Sasa bumu lichelewe wiki moja tu! Vipindi vya saa moja asubuhi vinakuwa na watu wachache, maktaba inapwaya, makundi yote ya WhatsApp ni kilio, na viongozi wa serikali ya wanafunzi hawapokei simu. Siku hizo hakuna anayesimama na kusema bumu limetulemaza. Tunasema kwa sauti moja kwamba mwanafunzi hawezi kusoma na njaa. Na ni kweli kabisa. Swali langu ni hili: kwa nini ukweli huo unaishia getini?

Najua mtaniambia, "Ndugu yangu, ule ni mkopo, tutalipa." Sawa, nakubali, mkopo si zawadi. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Lakini hoja yenu haikuwa nani atalipa. Hoja yenu ilikuwa kwamba chakula usichokifanyia kazi kinamfanya mtu awe mvivu. Kama ni hivyo, kingetufanya na sisi wavivu, maana ugali wa leo haujui kama ni wa deni au wa bure. Sisi tumepewa miaka mitatu ya kula kwanza, kazi baadaye, na taifa zima linaona hiyo ni akili. Mama wa Keko akipewa unga wa wiki moja, tunamwambia ahudhurie semina kwanza.

Wenzangu wa ualimu naomba niwakumbushe kitu. Kwenye mtihani wa saikolojia ya elimu wote tulimwandika Maslow na nadharia yake ya 1943. Tulichora na ile piramidi, wengine kwa rula kabisa. Chini kule tuliandika chakula, maji, usingizi. Juu kule tukaandika mtu kutimiza uwezo wake. Tukaeleza kwa Kiingereza kizuri kwamba ngazi ya chini isipotoshelezwa, za juu zinayumba. Tukapata alama zetu. Halafu tunatoka nje ya ukumbi wa mtihani, tunamkuta mama mwenye watoto wanne na chungu kitupu, tunaanza kumjengea piramidi kuanzia kileleni.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kipindi cha kidato cha kwanza saa sita mchana. Kila mwalimu anakijua kipindi hicho. Unauliza swali, vidole vinanyooka vya wale wale waliokuwa na mia tano ya mihogo saa nne. Wengine wanakutazama tu, macho yako wazi lakini hawapo. Hakuna zana ya kufundishia inayotibu hali hiyo, na mimi zana nilikuwa nazo, za manila na rangi nne. Ni kweli kwamba ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na tangu 2022 ikafutwa hadi kidato cha sita. Ni jambo kubwa, limeleta watoto wengi darasani. Lakini sare, viatu na daftari ni vya mzazi, na chakula cha mchana shuleni mara nyingi ni mchango wa wazazi. Ile kilo tano ya Jumamosi ndiyo inayoamua kama mtoto atapita Jumatatu na Jumanne akiwa na kitu tumboni.

Wapenzi wa kujitegemea mnapenda sana ile methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia mwaka 1962 katika kile kijitabu chake cha Ujamaa. Nami naipenda. Lakini isomeni yote jamani! Wahenga hawakusema mgeni akifika tu mlangoni mpe jembe. Siku mbili anakula, analala, anapumzisha miguu. Halafu siku ya tatu wanasema mpe jembe, maana yake jembe lenyewe unalo wewe mwenyeji na shamba unamwonyesha. Hawakusema mpe semina kuhusu jembe.

Na Paulo tumtendee haki. Aliowasema ni watu wasiotaka kufanya kazi. Neno zima limekaa kwenye kutaka. Wale akina mama wa benchi wengi wao wanafua nguo za watu, wanauza mihogo, wanachekecha mchanga na kuponda kokoto. Wanafanya kazi nzito kuliko yoyote niliyowahi kufanya mimi. Tatizo ni kwamba mvua ikinyesha siku tatu hakuna wa kufuliwa, na mtoto akiugua ile akiba ya wiki inaishia duka la dawa.

Tuache hisia, tuangalie ushahidi. Hapa hapa kwetu TASAF walianza mwaka 2010 kuwapa kaya maskini fedha taslimu kwa majaribio, katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilichaguliwa vijiji 80, nusu vikaanza kupewa na nusu vikasubiri, ili watafiti waweze kulinganisha. Matokeo yalipotoka mwaka 2014, zile kaya hazikuwa zimelala chini ya mwembe. Zilikuwa na mbuzi na kuku zaidi. Zilikuwa zinatibiwa zaidi kwa bima ya afya. Watoto wao walikuwa na viatu zaidi. Mwaka huo huo wa 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka sehemu mbalimbali za dunia kuona kama maskini wakipewa hela wananywea pombe na kuvutia sigara. Hawakuona hilo. Mtu aliyepata pa kuegemea kidogo huwa anaanza kupanga, na kupanga ndiko kujitegemea kwenyewe.

Hata kwenye kituo chetu ushahidi upo, mkitaka kwenda kuuona. Sista anayesimamia ugawaji ana daftari kubwa la mistari. Kuna majina yamepigwa mstari na pembeni kuna tarehe. Nilimuuliza hao ni akina nani. Akasema ni waliokuja wenyewe wakamwambia, Sista, sasa inatosha, mpe mwingine. Mmoja wao ana genge la mboga siku hizi, na Jumamosi huleta nyanya kwenye kituo. Hakuna aliyewafukuza. Hao ndio tunaosema "wanazoea".

Sasa niwape historia ambayo naamini wengi hamjaisikia, ingawa inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1833 jijini Paris kulikuwa na mwanafunzi wa sheria wa Sorbonne anaitwa Frédéric Ozanam. Umri wake miaka 20, yaani mwaka wa kwanza au wa pili wa kwetu. Yeye na wenzake walikuwa na kikundi cha midahalo, wakijadili historia na dini, hodari kwa maneno. Siku moja wapinzani wao wakawauliza: nyie mnaosifia Kanisa, leo hii mnawafanyia nini maskini? Mwaka mmoja nyuma kipindupindu kilikuwa kimepita Paris na kuua maelfu, kimeacha wajane na yatima. Wale vijana hawakuandaa kongamano. Walikwenda kwa mtawa mmoja, Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa akihudumia watu wa mtaa wa Mouffetard, mmoja wa mitaa maskini kabisa. Yeye akawapa majina ya familia na vyeti vya mkate, akawatuma majumbani. Inasimuliwa kwamba Ozanam na mwenzake walianza kwa kubeba kuni zao wenyewe zilizobaki za kipindi cha baridi wakapelekea familia moja.

Kikundi hicho ndicho kilichokuwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kimeenea dunia nzima. Ozanam alikuja kuwa profesa, na alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba hisani peke yake haitoshi, lazima pawepo na haki kwa wafanyakazi. Huyo alijua habari za ndoano kuliko sisi. Lakini alizijua kwa sababu alikwenda na mkate kwanza, akakaa kwenye vigoda vya watu, akaona wanalipwaje na kodi ya chumba ni kiasi gani. Aliyefika na mkate ndiye aliyeambiwa ukweli.

Nirudi kwenye hiyo semina, maana sitaki mseme nimeipiga vita. Aliyeileta ni mtu makini na nia yake ni njema. Ila niambieni: ni siku mbili nzima, katikati ya wiki, kufundisha sabuni ya maji na batiki. Mama anayefua akiacha siku mbili za kazi, nani anamlipa kibarua chake? Watoto watakula nini jioni ile? Akishajua kutengeneza sabuni, mtaji wa malighafi uko wapi, na atamuuzia nani wakati mtaa mzima tayari una madumu ya sabuni ya maji mlangoni? Kwenye hesabu iliyosomwa kikaoni sikusikia mtaji hata senti. Nilisikia ukumbi, bango, fulana na posho ya mwezeshaji. Yaani unga wa watoto tunaubadilisha kuwa fulana zetu.

Pendekezo langu ni rahisi. Muhula huu mchango wote ubaki kwenye unga na maharage, kama ulivyokuwa. Pili, tuombe ruhusa ya Sista, wawili wawili, tuwe tunasaidia Jumamosi kupima na kubeba, bila kupiga picha za watu, tuwasikilize wenyewe wanataka nini. Wakisema wanataka semina, muhula ujao mimi nitakuwa wa kwanza kuitafutia fedha, na bajeti iwe na mtaji pamoja na fidia ya siku za kazi watakazopoteza. Wakisema wanataka kikundi cha kuweka na kukopa, tuwatafutie mtu wa kuwaelekeza. Wakisema wanataka mtu wa kuwafundisha watoto wao hesabu saa za jioni, hapo sisi watu wa ualimu hatuna hata pa kujificha.

Kura ni ya kunyoosha mkono, kwa hiyo tutaonana. Wasiokubaliana nami waje na hoja, sitanuna. Ila kikao kitakuwa kirefu, nawashauri kila mtu apate chai na chapati kwanza. Mtu hawezi kujadili na njaa.