Kufanana si Ushahidi

Ndugu askari na polisi, njaa ya doria ni adui asiyevaa sare. Chakula kinapokwisha mbali na kituo, mtu hushawishika kuchimba chochote kinachofanana na kiazi. Sisi tunasema: kufanana si ushahidi.

Vichakani na kandokando ya misitu ya nchi yetu huota yungiyungi litambaalo, ambalo wataalamu huliita Gloriosa. Hupenda udongo usiotuamisha maji. Mvua zinapoanza huchipua, na ncha za majani yake hujisokota kwenye matawi ya jirani. Maua yake mekundu na manjano hupendeza mno, hata Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Lakini kiazi chake, kinachodhaniwa kwa urahisi kuwa kiazi kikuu, kina sumu ya kolkisini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mlaji hutapika na kuharisha. Baadaye viungo vya ndani huharibika, naye aweza kufa.

Hatari huzidi kiangazi, Juni hadi Agosti. Shina hukauka na maua hutoweka. Ardhini hubaki kiazi kisicho na alama.

Historia ya majeshi yatufundisha. Mnamo Septemba 1805, kikosi cha jeshi la Marekani kilichoongozwa na Lewis na Clark kilishuka milimani kikiwa hoi kwa njaa. Wenyeji, watu wa Nez Perce, waliwalisha matunguu ya Camassia, mmea unaostawi kwenye mabonde yenye unyevu. Karibu nayo huweza kuota tunguu jingine lenye sumu. Wenyeji waliyatofautisha kwa maua: la chakula ni buluu, la sumu ni jeupe. Kikosi kile kiliokolewa na elimu ya wenyeji, wala si na bunduki zake.

Elimu ya namna hiyo ipo hata kwenye vilima vya Mutoyi, kwa akina mama washikao jembe. Wao hujua gimbi lipi lataka kuchemshwa sana lisiwashe koo, na mzizi upi usiguswe. Basi tuwaendee kwa heshima, tuulize, tena tununue. Tusichimbe shamba la mwananchi bila idhini.

Na mwenzetu akila asichokijua, tusingoje atapike. Tumkimbize hospitali pamoja na mabaki ya mmea ule, ili daktari ajue anapambana na nini.